Nafasi Nane

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 1977, kulifanyika mjini San Francisco maonyesho makubwa ya kompyuta ndogo. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa palikuwa na mashine moja yenye sanduku la plastiki, iliyoitwa Apple II. Mtu aliyetaka kuitazama ndani hakuhitaji bisibisi, kwa maana kifuniko chake kilibanduliwa kwa vidole tu. Kilipobanduliwa, zilionekana nyuma ya ubao wa saketi nafasi nane nyembamba, zimepangwa safu moja, zote tupu. Siku hiyo hazikuwa na kazi yoyote. Ziliwekwa kwa ajili ya kadi ambazo nyingi bado hazijabuniwa, na kwa ajili ya watu ambao mwundaji wake hakupata kuwaona. Habari za nafasi hizo nane, jinsi zilivyopiganiwa, zilivyoondolewa, zilivyorudishwa na zilivyopandishwa bei, ni habari ya madai yaliyodumu karibu nusu karne: kwamba mtu mwenye kipato cha kadiri na kazi kubwa auziwe kompyuta ya mezani iwezayo kukua pamoja na kazi yake.

Yafaa kueleza kwanza madai hayo ni ya nani. Wanunuzi wengi wa kompyuta huinunua kama wanunuavyo redio. Hutaka ifanye kazi siku ile ya kwanza, na ikichakaa huiacha wakanunua nyingine. Wapo wengine, wachache kwa idadi, ambao kazi yao huizidi mashine kabla mashine haijachakaa: mtunzi wa programu, mhandisi, mtaalamu wa sayansi mwenye hesabu ndefu, mhariri wa filamu, mwanamuziki aliyegeuza chumba chake cha kulala kuwa studio. Hao waweza kuitwa watumiaji mahiri. Mara nyingi hawahitaji mashine mpya. Wahitaji kumbukumbu zaidi, diski ya pili, au kadi bora ya picha. Na kwa kuwa wengi wao hujilipia wenyewe, unafuu na upanukaji kwao si mambo mawili. Mashine inayopanuka ni nafuu kwa sababu gharama yake hulipwa kidogo kidogo kwa miaka, kila haja inapotokea, wala hailipwi yote siku moja kwa kukisia haja za kesho.

Kabla ya Apple II palikuwa na Altair 8800, iliyotangazwa Januari 1975 na kampuni ya MITS ya Albuquerque, katika jimbo la New Mexico. Iliuzwa vipande vipande kwa chini ya dola 400, na mnunuzi aliiunga mwenyewe kwa risasi na pasi ya kuchomea. Ilipokamilika ilikuwa na swichi na taa tu, bila kibodi wala kiwambo. Ila ilikuwa na jambo moja kubwa: njia yake ya ndani ya mawasiliano, yenye nyuzi 100, ilikubali kadi za mtu yeyote aliyejua kuzitengeneza. Kwa muda mfupi pakatokea viwanda vidogo vya kadi za kumbukumbu na za kibodi, vingine vikiwa katika magereji. Mwezi wa Machi mwaka uleule, katika gereji moja ya Menlo Park, California, wapenzi wa mashine hizo walikutana mara ya kwanza wakaunda chama kilichoitwa Homebrew Computer Club. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwapo kijana wa miaka 24, Stephen Wozniak, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Hewlett-Packard.

Wozniak alikuwa na tabia ya kugawa bure michoro ya saketi zake. Rafiki yake, Steve Jobs, aliona kwamba michoro hiyo yaweza kuuzwa, na Aprili 1976 wakaanzisha kampuni ya Apple. Ugomvi wao juu ya nafasi ulizuka walipokuwa wakiandaa mashine yao ya pili. Jobs alitaka nafasi mbili tu, moja ya printa na nyingine ya modemu, kwa kuwa hakuona mtu wa kawaida atahitaji nini zaidi. Wozniak alitaka nane. Alikuwa amezisoma kompyuta kubwa zaidi tangu alipokuwa shuleni, akajua kwamba watu wa namna yake daima hupata kitu cha kuongeza. Mwenyewe amesimulia kwamba alimwambia Jobs, kama ataka nafasi mbili, na ajitafutie kompyuta nyingine. Jobs hakuwa na kompyuta nyingine. Ni mara chache sana katika historia ya kampuni ile fundi aliposhinda hoja ya namna hiyo, na pengine alishinda kwa sababu wakati ule kampuni ilikuwa changa, na fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa bidhaa.

Jinsi nafasi zile zilivyofanya kazi ni jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana uzuri wake haukuwa katika wingi wake tu. Saba kati ya nafasi nane zilitengewa kila moja anwani 256 katika kumbukumbu ya mashine, na katika anwani hizo kadi yaweza kubeba programu yake yenyewe. Kadi ilikuja na maarifa yake kichwani. Mnunuzi hakulazimika kuifundisha kompyuta jinsi ya kuitumia. Aliichomeka, akaandika amri fupi yenye namba ya nafasi, na kadi ikajieleza yenyewe. Pamoja na mashine kilitolewa kitabu chenye michoro ya saketi zote, hata aliyetaka kutengeneza kadi yake hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1978 Wozniak alitengeneza kadi ya kuendeshea diski laini, iliyoshangaza wahandisi kwa uchache wa vipande vyake, na Apple II, ambayo hadi hapo ilihifadhi kazi katika kanda za kaseti, ikapata diski. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya jedwali la hesabu ambayo ilihitaji diski na kumbukumbu nyingi kuliko ile iliyouzwa ndani ya mashine za bei ya chini. Wahasibu na wafanyabiashara wakaja kununua Apple II kwa ajili ya VisiCalc. Mwaka 1980 kampuni ya Microsoft ikauza kadi yenye kichakataji kingine kabisa, Z80, iliyoifanya Apple II kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya jamii nyingine ya kompyuta. Laiti zingekuwapo nafasi mbili tu, moja ikiwa ya printa na nyingine ya modemu, diski ingewekwa wapi? Mashine iliyotoka mwaka 1977 ikiwa na kilobaiti 4 za kumbukumbu, kwa dola 1,298, iliendelea kuuzwa katika matoleo mbalimbali hadi mwaka 1993. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo ndiyo iliyolisha kampuni, hata pale wakuu wake walipoiona kuwa kitu cha kale.

Walakini itakuwa dhuluma kuwahesabu waliozipinga nafasi kuwa ni watu wasioona mbali. Mwenye hoja nzito kuliko Jobs alikuwa Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh mwaka 1979. Raskin alifikiri juu ya mtu wa mitaani, asiyejua wala kutaka kujua saketi, na alitaka mtu huyo auziwe kompyuta kwa dola 500 hivi. Alisema kwamba nafasi huongeza ukubwa wa sanduku, huongeza gharama ya umeme na ya ubao, na gharama hiyo hulipwa na kila mnunuzi, hata yule asiyechomeka kadi moja maishani mwake. Tena, mashine zenye nafasi hazifanani. Mtunzi wa programu hajui ni kadi zipi zimo katika kompyuta ya msomaji wake, kwa hiyo programu huwa ngumu, na hitilafu huwa nyingi. Hoja hizo zilikuwa kweli wakati ule na ni kweli hata sasa. Kasoro ilikuwa kwamba zilimhusu mtu mmoja wa aina mbili, na zikatumiwa kana kwamba yule wa pili hayupo.

Jobs alipouchukua mradi kutoka kwa Raskin alikiacha kile cha bei nafuu akakichukua kile cha kufunga. Macintosh iliyotolewa tarehe 24 Januari 1984 ilikuwa na bei ya dola 2,495, kilobaiti 128 za kumbukumbu, na haikuwa na nafasi hata moja. Sanduku lake lilifungwa kwa skrubu zilizohitaji bisibisi ya namna ya pekee, yenye mkono mrefu, ambayo haikupatikana katika nyumba ya kawaida. Ndani ya timu yenyewe walikuwapo wasioridhika. Burrell Smith, kijana aliyebuni ubao wake, alitamani kuweka walau nafasi moja. Alipokataliwa, yeye na Brian Howard walijaribu kuipitisha kwa jina lingine: waliiita mlango wa uchunguzi, eti wa kukagulia mashine kiwandani. Hila hiyo iligunduliwa na mlango ukaondolewa. Smith akafaulu kwa njia ndogo zaidi. Alipitisha katika ubao nyuzi chache zisizohitajika kwa chipu za siku ile, ili chipu kubwa zaidi zitakapotoka ziweze kukaa mahali pale pale na kuifanya kumbukumbu kuwa mara nne. Andy Hertzfeld, aliyekuwa mwenzao katika kazi hiyo, ameyasimulia mambo haya kwa kirefu. Kabla mwaka haujaisha Macintosh ya kilobaiti 512 ilikuwa madukani, na kilobaiti 128 zilikuwa zimekwisha kuonekana kuwa haba.

Wanunuzi nao hawakusubiri. Mwaka 1985 kampuni moja ya Massachusetts, General Computer, iliuza diski kuu ya megabaiti 10 ya kutiwa ndani ya sanduku lile lililofungwa. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuichomeka, fundi aliibana juu ya miguu ya kichakataji chenyewe kwa kibanio. Ilikuwa kazi ya hatari, na mwenye mashine aliifanya akijua kwamba amevunja masharti ya dhamana. Hakuna ushahidi wa haja ulio wazi kuliko huo.

Wakati Apple ilipokuwa ikifunga, IBM ilikuwa imefungua. Kompyuta yake ya Agosti 1981, iliyotengenezwa Boca Raton, Florida, chini ya uongozi wa Don Estridge, ilikuwa na nafasi tano, na kitabu chake cha ufundi kilichapisha michoro yote. IBM haikufanya hivyo kwa ukarimu, ila kwa haraka, kwa sababu ilitaka mashine ndani ya mwaka mmoja na ikainunua nusu yake kwa wengine. Ukarimu au la, matokeo yalikuwa yale yale. Compaq na wengine waliiga mashine hiyo kihalali, na IBM ilipojaribu mwaka 1987 kuurudisha ufunguo kwa njia mpya ya kadi yenye leseni, waigaji tisa waliungana mwaka 1988 wakatangaza yao. Tangu hapo kompyuta ya mezani ya ukoo huo haikuwa mali ya kampuni moja. Sanduku, ubao, kadi na kichakataji vilinunuliwa popote, vikaungwa na yeyote. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana kompyuta za mtumba zilizozoeleka katika ofisi, shule na maduka ya mapiga chapa ya huku zilikuwa za ukoo huo, na fundi aliziponya kwa kuchukua kiungo cha moja kukitia katika nyingine.

Jobs aliondoka Apple mwezi wa Septemba 1985. Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyeshika uundaji wa bidhaa baada yake, alikuwa mtetezi wa kufungua, na Machi 1987 ikatoka Macintosh II yenye nafasi sita. Haikuwa nafuu, pamoja na kiwambo na diski ilikaribia dola 5,500. Hata hivyo ilizaa kazi ambazo hazikuwapo. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilionyesha mtambo wa kuhariri filamu uliosimama juu ya Macintosh II na kadi zake, na Digidesign ikauza kadi ya kurekodia sauti. Kwa miaka kadhaa mtu aliyesema "Macintosh" katika chumba cha uhariri au katika studio alimaanisha sanduku lenye kadi ndani yake. Ufundi mzima ukajengwa juu ya nafasi zile, na jambo hili litafaa kukumbukwa litakapofikwa la mwaka 2013.

Kilichofuata ni kipindi kifupi ambacho watumiaji mahiri wengi wanakikumbuka kwa hamu. Mwishoni mwa mwaka 1994 Apple, ikiwa katika dhiki, ilianza kuwapa wengine leseni ya kutengeneza mashine zinazoendesha mfumo wake. Power Computing, kampuni ya Steve Kahng, iliuza mashine za kwanza mwaka 1995: masanduku ya kawaida, yasiyo na urembo, yenye nafasi, na bei iliyo chini ya Apple kwa nguvu ile ile, na baadaye kwa nguvu iliyozidi. Kusudi la leseni lilikuwa kuwavuta watu wapya kutoka kwa ukoo wa IBM. Badala yake leseni ziliwavuta wateja bora wa Apple yenyewe, wale wanunuzi wa mashine ghali, kwa kuwa ndio waliojua tofauti. Jobs aliporudi na kushika hatamu mwaka 1997, alizikata leseni, na Septemba mwaka huo Apple ikainunua biashara ya Macintosh ya Power Computing kwa hisa za thamani ya dola milioni 100. Kama hesabu ya kampuni, uamuzi huo hauna lawama. Kama ushuhuda wa soko, watu walikuwa wameonyesha kwa fedha zao wanataka nini, na kiasi kilicholipwa kuwafungia mlango kinajulikana.

Jobs aliipanga biashara nzima katika miraba minne: ya watu wa nyumbani na ya wenye ufundi, ya mezani na ya kubebwa. Mpango huo uliiokoa kampuni, na ubora wake haubishaniwi. Ila mstari uliotenga mraba wa nyumbani na mraba wa ufundi ulipita juu ya kichwa cha mtu yule yule ambaye habari hii ni yake: mwenye maarifa ya fundi na mfuko wa mtu wa nyumbani. Upande mmoja aliikuta iMac ya mwaka 1998, dola 1,299, kiwambo na kompyuta katika sanduku moja. Yachekesha kidogo kwamba matoleo ya kwanza ya iMac yalikuwa na nafasi moja ndani, isiyotajwa katika vitabu vya wanunuzi, na kwamba viwanda vidogo viliigundua na kuanza kuuza kadi zake, hata Apple ikaiondoa katika matoleo yaliyofuata. Mlango wa uchunguzi wa Burrell Smith ulikuwa umerudi na kufukuzwa tena.

Upande wa pili mambo yalikuwa mazuri kwa muda. Power Macintosh G3 ya Januari 1999, ya rangi ya samawati na nyeupe, ilianzia dola 1,599. Ubavu wake wote ulikuwa mlango: ulivuta kishikio, mlango ukalala chini na ubao wa saketi ukiwa juu yake, na nafasi nne zikawa mbele yako kama vyombo katika sinia. Hapakuwa na skrubu. Wapo wasemao kwamba haikupata kutokea mashine ya Apple iliyomheshimu mwenye nayo kuliko hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ikajaribu kitu kingine, mchemraba mdogo wa kupendeza ulioitwa G4 Cube. Haukuwa na nafasi za kadi ila ile ya kadi ya picha, na uliuzwa kwa dola 1,799, yaani dola 200 zaidi ya sanduku kubwa lenye nafasi. Wanunuzi hawakushawishika, na Julai 2001 utengenezaji wake ukasimamishwa.

Tangu hapo sakafu ya bei, ingawa ilishuka mara moja moja, kwa jumla ilipanda. Mac Pro ya Agosti 2006, ya kwanza yenye vichakataji vya Intel, iliuzwa kwa dola 2,499 katika umbo lake la kawaida. Ilikuwa mashine bora na bei yake haikuwa ya ulaghai. Ukiunga mashine ya vichakataji kama vile kwa vipande vya sokoni, hukuokoa kitu kikubwa. Taabu ni kwamba vilikuwa vichakataji viwili vya kituo cha kazi, na kumbukumbu yake ilikuwa ya aina ya gharama kubwa. Mtu aliyetaka kichakataji kimoja cha kawaida, nafasi mbili tatu na diski mbili hakuuziwa kitu. Chini yake ilikuwapo Mac mini, iliyotoka mwaka 2005 kwa dola 499, ndogo kama sahani na iliyofungwa kama sahani. Mashine ya kati ilikuwa ya kufikirika tu. Wapenzi wake waliipa jina, xMac, wakabishana juu ya vipimo vyake mwaka baada ya mwaka, nayo haikutoka.

Kwa nini haikutoka? Jibu halihitaji kudhani ubaya wa mtu. Mashine ya kati ingewanyang'anya wateja iMac kwa upande mmoja na Mac Pro kwa upande wa pili, na zote mbili zilikuwa na faida kubwa kuliko yake. Tena mashine inayopanuka huishi muda mrefu. Mwenye nayo huongeza kumbukumbu mwaka wa pili, diski mwaka wa tatu, kadi ya picha mwaka wa nne, na kila nyongeza huinunua kwa mwingine. Mtu huyo ni mteja mwaminifu, na ni mteja wa mara chache. Jambo linalomfanya aipende mashine ndilo linalomfanya muuzaji asiipende.

Lakini kwa kuwa kompyuta za Apple sasa zilitumia vichakataji vile vile vya Intel vilivyouzwa kila duka, wengine waliamua kujitengenezea. Walichagua kwa uangalifu ubao na kadi zinazofanana na za Apple, wakaudanganya mfumo uamini uko nyumbani, na kila toleo jipya la mfumo lilipotoka walikesha wakirekebisha yaliyoharibika. Ilikuwa kinyume cha masharti ya leseni, nayo iliwagharimu saa zisizohesabika. Mtu aliyethamini muda wake kwa fedha asingeifanya. Mwezi wa Aprili 2008 kampuni ndogo ya Florida, Psystar, ikaanza kuuza mashine ya namna hiyo kuanzia dola 399, yenye nafasi. Apple iliishtaki mwezi wa Julai. Mwaka 2009 Jaji William Alsup wa mahakama ya California aliamua kwamba Psystar imevunja hakimiliki, na mwezi wa Desemba akaipiga marufuku. Sheria ilikuwa upande wa Apple, na ni vigumu kuona jinsi ambavyo ingekuwa vingine.

Kisha ikaja Mac Pro ya Desemba 2013. Ilikuwa mcheduara mweusi, urefu wake sentimita 25, na feni moja iliyovuta hewa kupitia kiini cha pembe tatu ambacho vichakataji vyote viliegemea. Kwa jicho la msanifu ni kitu cha kustaajabisha. Bei ilianzia dola 2,999. Ndani hamkuwa na nafasi hata moja ya kadi za kawaida. Aliyetaka kuongeza kitu alikiweka nje, katika sanduku lake, kwa waya. Wahariri wa filamu na wanamuziki, ambao ufundi wao ulizaliwa katika nafasi za Macintosh II, walijikuta na meza zilizojaa visanduku na nyaya kuzunguka mcheduara mmoja mzuri. Na mcheduara wenyewe haukuweza kukua hata mikononi mwa waliouunda. Ulikuwa umepimwa kwa kadi mbili za picha zenye joto la wastani, ilhali ulimwengu ulielekea kwenye kadi moja kubwa yenye joto kali, na kiini kile cha pembe tatu hakikuwa na mahali pa kuiweka. Miaka ilipita bila toleo jipya. Mwezi wa Aprili 2017 wakuu wa Apple, miongoni mwao Phil Schiller na Craig Federighi, waliwaita waandishi wachache wa habari wakakiri kwamba walijifungia wenyewe katika kona ya joto, na kwamba watatengeneza mashine mpya itakayofunguka. Kampuni ile si ya kukiri makosa kila siku, na neno hilo lilipokewa kwa furaha na wale waliokuwa wamelingoja tangu mwaka 2013, au tangu 2001, au wengine tangu 1984.

Ahadi ilitimizwa Desemba 2019. Mac Pro mpya ilikuwa sanduku refu la chuma linaloinuliwa kwa mpini, na ndani yake nafasi zilihesabiwa zikawa nane, idadi ile ile ya Wozniak. Bei ilianzia dola 5,999. Magurudumu manne ya kuisukumia yalikuwa dola 400 zaidi.

Hapa yafaa kuwa mwadilifu katika hesabu. Dola 1,298 za mwaka 1977 zilikuwa na nguvu ya kununua ya zaidi ya dola 5,000 za mwaka 2019, kwa hiyo asemaye kwamba Apple II ilikuwa ya maskini na Mac Pro ya matajiri hajapima sawasawa. Mwalimu aliyenunua Apple II alijinyima sana. Tofauti yaonekana mtu akipima kwa mwaka 1999: dola 1,599 za siku zile hazikufika 2,500 za mwaka 2019, na kwa fedha hizo alipata sanduku la nafasi nne lenye mlango. Yaonekana pia akitazama duka la jirani. Mwaka 1977 aliyetaka kompyuta kamili ya kupanuka hakuwa na pa kwenda kwenye unafuu mkubwa zaidi. Mwaka 2019 mwanafunzi aliweza kuunga kompyuta ya mezani yenye nafasi za kadi kwa dola 1,000 au pungufu. Malalamiko ya watumiaji mahiri hayakuwa juu ya bei peke yake. Yalikuwa juu ya umbali kati ya bei ile na kitu chenyewe walichokiomba, kwa sababu hawakuomba nafasi nane na umeme wa kutosha jiko. Waliomba nafasi tatu.

Mwezi wa Novemba 2020 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye kichakataji chake yenyewe, M1, ambacho kumbukumbu yake imefungwa katika kifurushi kimoja nacho. Kasi na utulivu wake viliwashangaza hata waliokuwa na kinyongo, na kasi hiyo kwa sehemu yatokana na ufungaji wenyewe, kwa maana njia ya data ni fupi. Hoja ya Raskin ilikuwa imepata mwili wa fizikia. Mac Pro ilipopewa kichakataji cha namna hiyo, mwezi wa Juni 2023, ilibaki na sanduku lile lile na nafasi zake, lakini nafasi hizo hazikukubali kadi ya picha, na kumbukumbu, ambayo katika mashine ya 2019 iliweza kufikishwa terabaiti 1.5, ilikoma gigabaiti 192, tena za kuchaguliwa siku ya kununua. Mwezi ule ule kampuni iliuza mashine ndogo, Mac Studio, yenye kichakataji kile kile, kumbukumbu ile ile na hifadhi ile ile, isiyokuwa na nafasi, kwa dola 3,999. Mac Pro ilikuwa dola 6,999. Kwa mara ya kwanza mnunuzi aliweza kusoma katika orodha moja ya bei thamani ambayo muuzaji aliiweka juu ya nafasi zenyewe, pamoja na sanduku lililozizunguka: dola 3,000.